Ukienda kazini, mbwa wako hushinda na nani?

Zamani mbwa wa mjini Nakuru alikuwa mlinzi. Alilala nje, akala makombo, na kazi yake ilikuwa kubweka usiku. Tangu mji huo upandishwe hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021, nyumba za ghorofa zimezidi kujengwa na ua umezidi kupungua. Leo katika mitaa kama Kiamunyi, Lanet, Milimani na Section 58 utakuta mbwa wadogo wa manyoya wakifugwa ndani ya nyumba kama watu wa jamaa. Aina ya Japanese Spitz inapendwa na wengi, ingawa wapo pia Maltese, Chihuahua na wale wa damu mseto.

Tatizo ni kuwa mwenye mbwa hayupo nyumbani mchana. Anayefanya kazi Njoro, Gilgil au Naivasha huondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi ili awahi matatu, na kurudi saa moja jioni. Watoto nao wako shuleni. Kwa muda wa saa kumi na mbili na zaidi mbwa hufungiwa jikoni, kwenye roshani au uani akiwa peke yake. Lolote likimpata, hakuna wa kuliona.

Iwapo wewe ni mmoja wa wafugaji hao, makala haya yanakuhusu. Jambo lenyewe linagusa afya ya mbwa wako, na pia afya ya watoto wako na majirani.

Kwa nini upweke humdhuru

Mbwa ni mnyama wa kuishi kwa kundi. Kwa mbwa wa nyumbani, kundi hilo ni wewe na jamaa yako. Unapofunga mlango na kuondoka, mbwa asiyezoea huingiwa na hofu, na aghalabu hofu hiyo huanza katika nusu saa ya kwanza. Moyo humwenda mbio, huhema, hudondosha mate, hubweka au kulia mfululizo, hukwaruza mlango na kujisaidia popote. Wengine hujilamba miguu mpaka ngozi ikatoka vidonda.

Wafugaji wengi hudhani kuwa mbwa anayetafuna viatu au mlango analipiza kisasi. Sivyo. Na ile sura ya kuinamisha kichwa unapomkaripia si kukiri kosa. Amesoma hasira usoni mwako na anaogopa. Ukimpiga jioni kwa jambo alilofanya asubuhi, hataelewa sababu. Atakachojifunza ni kuogopa kurudi kwako, na kesho hangaiko lake litazidi.

Ili ujue hali halisi, acha simu ya zamani ikirekodi unapoondoka. Mbwa anayezunguka kidogo kisha akalala hana shida kubwa. Anayelia kwa nusu saa bila kukoma, au anayekataa kula hata nyama mpaka urudi, anahitaji msaada.

Aachwe kwa saa ngapi?

Mbwa mzima, mwenye afya na aliyezoezwa, anaweza kukaa peke yake kwa muda wa saa nne hivi bila shida. Baadhi huvumilia saa sita. Saa kumi au kumi na mbili kila siku ni nyingi mno.

Mtoto wa mbwa hawezi kabisa. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kuhesabu umri wake kwa miezi na kuongeza moja: mwenye miezi mitatu anaweza kuzuia mkojo kwa saa nne tu, tena hapo umejitahidi. Isitoshe, watoto wa mbwa wa aina ndogo huishiwa sukari mwilini upesi wasipokula kwa saa nyingi. Mtoto kama huyo hulegea, hutetemeka, huyumba, na asiposaidiwa anaweza kufa. Ndiyo sababu hupasi kununua mtoto wa mbwa wa wiki nane siku ya Jumapili na kumfungia jikoni Jumatatu.

Mbwa mzee naye, au mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, hunywa maji na kukojoa mara nyingi. Kumfungia kutwa ni kumtesa.

Jua, baridi na radi

Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi huwa na baridi, lakini adhuhuri jua huchoma, hasa Januari na Februari. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupunguza joto kwa kuhema. Aliyefungiwa kwenye roshani inayoelekea jua, au katika kibanda cha mabati kisicho na kivuli, anaweza kuzidiwa na joto hata kama ulimwacha akitetemeka kwa baridi. Mbwa wenye pua bapa ndio walio hatarini zaidi. Kabla ya kuchagua mahali pa kumwacha, mwisho wa juma kaa hapo mwenyewe saa saba mchana uone jua linafika wapi.

Maji yawepo wakati wote. Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku, hivyo mwenye kilo tano hutumia karibu robo lita, na zaidi kukiwa na joto. Weka bakuli mbili nzito, kwani moja ikimwagika saa tatu asubuhi atakaa na kiu hadi usiku.

Halafu kuna radi. Wakazi wa Nakuru wanajua jinsi mvua ya masika inavyopenda kuja alasiri kwa ngurumo, wakati ambapo wengi bado wako kazini. Mbwa mwenye hofu huweza kuruka kutoka roshani au kupenya chini ya lango. Wakati wa masika mwache ndani, katika chumba chenye pembe ya kujifichia, na redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini.

Hatari zilizomo nyumbani

Mbwa mwenye upweke hutafuta la kufanya, na mdomo ndio mkono wake. Kagua chumba kama ambavyo ungekagua kwa ajili ya mtoto anayetambaa.

Sumu ya panya ndiyo hatari kubwa. Nyingi ya sumu hizo huzuia damu kuganda, na dalili huenda zisionekane mpaka siku kadhaa zipite. Usiiweke mahali ambapo mbwa anafika, na ukishuku ameila nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo pamoja na pakiti yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumkwama kooni au kumtoboa matumbo, kwa hiyo pipa la taka liwe na kifuniko au liwekwe nje. Chokoleti, vitunguu, zabibu kavu na peremende zisizo na sukari humdhuru. Nyaya za umeme na chaja zichomolewe.

Usimfunge mnyororo kutwa. Anaweza kujinyonga au kupindua maji yake, na mbwa anayeshinda amefungwa mara nyingi hugeuka mwoga na mkali. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura 360, inahesabu kumnyima mnyama chakula au maji kuwa ukatili.

Jinsi ya kumzoeza

Kuzoea upweke hufundishwa polepole. Anza siku ambazo uko nyumbani. Toka nje kwa dakika moja, rudi kabla hajaanza kulia, kaa kimya. Rudia. Ongeza hadi dakika tano, kumi, nusu saa, kisha saa moja. Akianza kulia, umeharakisha. Rudi hatua moja nyuma.

Usiage kwa mbwembwe wala usirudi kwa shangwe. Chukua funguo na kuvaa viatu mara kadhaa bila kwenda popote, ili vitu hivyo visiwe tangazo la msiba. Kazi hii inaweza kuchukua majuma kadhaa. Mbwa ambaye hofu yake ni kali mno anaweza kusaidiwa kwa dawa, lakini dawa hiyo iandikwe na daktari wa mifugo. Usimpe dawa za usingizi za binadamu.

Panga siku yake

Amka nusu saa mapema umtembeze. Mbwa aliyechoka na aliyekwisha kujisaidia hulala. Mpe sehemu ya chakula kabla ya kuondoka, na sehemu nyingine iwe ndani ya mpira mgumu wenye tundu au itawanywe sakafuni ili aitafute kwa pua.

Lakini jambo lililo muhimu kupita yote ni mtu wa adhuhuri. Tafuta mtu mmoja atakayefika saa sita au saa saba, amtoe nje kwa dakika ishirini, abadilishe maji na kumtazama. Anaweza kuwa jirani mstaafu, yaya wa nyumba ya pili, au kijana anayeaminika ambaye utamlipa kidogo. Majirani wawili wenye mbwa na wenye zamu tofauti kazini, kwa mfano wauguzi, wanaweza kusaidiana bila malipo. Mtu huyo atakugawia siku ndefu mara mbili, na atakuwa jicho lako.

Jicho hilo linaweza kuokoa uhai. Mtoto wa mbwa aliyeanza kutapika na kuharisha damu asubuhi huenda ana ugonjwa wa parvo, na kufikia jioni anaweza kuwa ameishiwa maji mwilini kabisa. Mbwa mwenye ufizi mweupe na mkojo wa rangi nyeusi huenda ana homa ya kupe. Magonjwa yote mawili hutibika vyema zaidi yakigunduliwa mapema.

Lango lililo wazi na kichaa cha mbwa

Wapo wanaoona heri kumwachia mbwa ua na lango nusu wazi ili azurure. Hilo ndilo kosa linaloweza kuwagharimu binadamu maisha.

Mbwa anayezurura mchana hukutana na mbwa asiye na mwenyewe, wakaumana, kisha akarudi kulala mlangoni. Jioni unaona mkwaruzo mdogo, au huoni kitu kwa sababu ya manyoya. Hakuna aliyeshuhudia. Ikiwa yule wa mtaani alikuwa na kichaa cha mbwa, majuma au miezi baadaye mbwa wako anaweza kumuuma mwanao.

Takriban visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na waathiriwa wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kukomesha vifo hivyo kufikia 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Kwa hiyo mchanje mbwa wako akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na uitunze kadi yake. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Chanjo hutolewa kwa awamu, nawe uzimalize zote hata jeraha likipona.

Usisahau minyoo na viroboto. Mbwa aliyejisaidia ndani kwa kukosa wa kumtoa anaweza kuacha mayai ya minyoo ambayo, mtoto akiyameza, huenda yakamdhuru hata macho. Mpe mbwa mzima dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na watoto wa mbwa mara nyingi zaidi kadiri utakavyoelekezwa. Viroboto huuawa na dawa zinazotokana na pareto, zao ambalo wakulima wa eneo la Nakuru wanalijua vyema. Hata hivyo, soma maelezo kwanza, kwani dawa zilizotengenezwa viwandani kwa mfano wa pareto zinaweza kumuua paka.

Majirani nao wana haki

Katika ploti yenye nyumba kumi na sita, mlio wa mbwa mmoja humnyima usingizi mgonjwa, mtoto mchanga na askari aliyetoka zamu ya usiku. Zungumza na jirani kabla hajaenda kwa mwenye nyumba, na umuulize mbwa hulia saa ngapi; jibu lake litakufaa. Safisha ngazi na njia za pamoja. Kwa majirani Waislamu mate ya mbwa ni najisi, hivyo ni adabu kumshika kamba fupi mnapopishana nao.

Mwisho, jiulize swali hili kabla ya kununua: ni nani atakayekuwa nyumbani saa saba mchana siku ya Jumanne? Ikiwa huna jibu, ahirisha. Au uchague mbwa mzima aliyetulia badala ya mtoto, au paka, ambaye huvumilia upweke kwa urahisi zaidi. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya kwanza hapa ni kuwa na mtu wa kufungua mlango adhuhuri.