Moteli ni Nini, na Dereva Alale Wapi?

Ndugu wafanyakazi wa barabarani, kutoka Kasese hadi Bwera tunapita vibao vya namna nyingi: hoteli, lojingi, gesti na moteli. Wenzetu wengine wanauliza kama tofauti iko. Iko, na inatuhusu sana.

Huku kwetu hoteli mara nyingi ni mahali pa kula. Unaweza kumaliza sahani yako ukaambiwa kitanda hakuna. Lojingi na gesti zina kitanda, lakini jina halisemi lolote juu ya gari.

Neno moteli lilizaliwa Marekani mwaka 1925. Mchoraji wa majengo, Arthur Heineman, alifungua nyumba ya wageni mjini San Luis Obispo, California, karibu nusu ya njia kati ya Los Angeles na San Francisco. Kwa magari ya siku zile safari hiyo ilichukua siku mbili. Alichukua neno la motokaa na neno la hoteli, akayabana kuwa moja: Mo-Tel. Mgeni alilala, na gari lake lilikaa karibu naye. Basi jina lenyewe ni ahadi mbili: kitanda kwa mtu, na mahali salama kwa gari.

Sasa tupime hali yetu. Lori la kwenda Kasindi na Beni linangoja karatasi za forodha pale Mpondwe. Usiku ukiingia, dereva hawezi kuliacha kando ya njia. Turubai likikatwa au dizeli ikinyonywa, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kwa hiyo analala ndani ya kabini, na tanboi wake chini ya tela. Asubuhi anashika usukani na usingizi machoni. Ajali nyingi huanzia hapo.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, posho ya kulala iandikwe katika mapatano, mbali na mshahara, na tanboi naye apate. Pili, tajiri alipie maegesho yenye ua, taa na mlinzi. Tatu, mali ikiibwa mahali tajiri alipokataa kulipia ulinzi, mfanyakazi asikatwe mshahara.

Ndugu, kabla ya kulipia chumba, uliza kwanza: gari litalala wapi? Jibu likikosekana, kibao hicho kinadanganya. Mwelezeni mwakilishi wenu wa chama, tulipeleke mezani kwa umoja.