Mdudu Aliyeingia Kati Yetu

Hivi mwenzio akipata hasara, anakwambia siku hiyohiyo? Wangu hakuniambia. Alikaa kimya wiki tatu nzima!

Tunaishi Arusha, wote waajiriwa. Mwaka 2017 tulikodi nusu eka kule Arumeru, tukapanda nyanya kwa akiba yetu ya kununua kiwanja. Kila Jumamosi Baba Neema alikwenda shamba. Akirudi nikimuuliza, jibu ni lilelile: "Ziko poa tu, mama." Kumbe alikuwa anakopa pesa ya kununua dawa kali zaidi!

Siku niliyomfuata bila kumwambia, nusura nilie. Majani yalikuwa na mabaka makavu kama yameunguzwa kwa moto, nyanya zina vitundu karibu na kikonyo. Jirani wa shamba akaniambia kwa huruma: "Dada, hiyo ni kantangaze."

Kantangaze ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, kitaalamu Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliingia Hispania mwaka 2006, na hapa Tanzania akagunduliwa 2014. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani, dawa isimfikie kirahisi, na hiyo dawa yenyewe huizoea upesi. Ukimwachia, anaweza kumaliza shamba lote.

Tuligombana, siwafichi. Kilichoniuma si pesa, ni ule uongo wa kila Jumamosi. Siku ya tatu ndipo akafunguka: "Niliogopa utaniona si mwanaume." Jamani! Nami nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikimtambia kwa mashoga zangu kwamba mume wangu hashindwi kitu. Nilimbebesha mzigo bila kujua.

Tukang'oa mabaki yote, tukaanza upya, safari hii pamoja na majirani:

• Miche tuliikuza ndani ya neti yenye matundu madogo sana.

• Tulitega mitego yenye harufu ya jike. Madume yakinaswa, unajua adui kaingia. Mtego peke yake haummalizi.

• Majani na matunda yaliyoshambuliwa tuliyafukia chini kabisa, hatukuyatupa pembeni mwa shamba.

• Dawa tulibadilisha za makundi tofauti, kwa ushauri wa bwana shamba.

• Baada ya nyanya tulipanda mahindi. Viazi mviringo na bilinganya hapana, navyo anavila.

Ukisafisha shamba lako na jirani akaacha lake, nondo wanarudi usiku uleule. Ndiyo maana kila anayemwona anatakiwa kusema mapema.

Msimu uliofuata hatukutajirika, ila mkopo tuliumaliza. Na Jumamosi siku hizi tunakwenda wawili. Kila nikisikia jina la yule mdudu, naona kama anasema "kanitangaze". Basi nawe mtangaze, kwanza kabisa kwa mwenzio.