Tarizi na Kasula: Habari za Hariri katika Mavazi ya Ibada

Neno kutarizi, ambalo wengine hulitamka kudarizi, latumika pwani yote kwa maana ya kupamba nguo kwa uzi, hasa ukingoni. Neno hili limetoka katika Kiarabu, tiraz, na Waarabu nao walilipokea kwa Waajemi. Hapo kale maana yake ilikuwa pambo la uzi tu. Kisha likawa jina la utepe wa maandishi katika nguo za heshima, wenye jina la khalifa na dua ya kumtakia baraka. Na mwisho karakana zenyewe za khalifa, ambamo nguo hizo zilifumwa, zikaitwa kwa jina hilo hilo. Mtu aliyevikwa nguo yenye tarizi ya namna hii alijulikana mbele ya watu wote kuwa amepata kibali cha mfalme.

Tumeanza na neno hili kwa sababu ya swali tuliloletewa. Mwalimu mmoja, mwenzetu wa siku nyingi, alituandikia kwamba Wakristo wa parokia yake walichanga fedha mwaka mzima ili kumnunulia padre kasula ya hariri. Kasula ikaagizwa ng'ambo, ikafika inang'aa sana, lakini siku ya kwanza kupigwa pasi ikanywea na kuyeyuka ukingoni. Haikuwa hariri hata kidogo. Basi wazee wengine wakashauri watafute hariri ya kweli katika maduka ya nguo mjini, na wengine wakakataa kabisa, wakisema kwamba kitambaa kilichofumwa na watu wa dini nyingine, tena chenye nakshi tusizozijua maana yake, hakistahili kuvaliwa altareni. Mwenzetu auliza, desturi ya Kanisa tangu zamani yasemaje? Twamjibu hapa, maana twadhani si yeye peke yake mwenye shaka hii.

Kwanza tuseme hariri ni nini. Ni uzi wa kiwavi alaye majani ya mforosadi, ambaye akikomaa hujifumia kifuko na kujifungia ndani. Wafugaji humwua kwa mvuke au maji ya moto kabla hajatoboa na kutoka kama nondo, wakazongoa uzi wake mmoja usiokatika, wenye urefu wa mita mia kadhaa, mara nyingine hata 900. Ratili moja ya hariri hutaka vifuko elfu mbili au tatu. Wachina waliijua kazi hii maelfu ya miaka kabla ya watu wa magharibi, wakaificha. Na kila mfanya biashara aliyeshika mzigo njiani alizidisha bei. Katika amri ya bei aliyoitoa Kaisari Diocletianus mwaka 301, ratili moja ya hariri ya zambarau iliwekewa dinari 150,000, na kibarua wa shamba akawekewa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Mwalimu na awape wanafunzi wake hesabu hiyo: kibarua angefanya kazi siku 6,000, yaani zaidi ya miaka kumi na sita bila kupumzika hata Jumapili, naye hajapata bado nguo, ila uzi tu.

Siri ya Wachina ilifika Konstantinopoli kwa mikono ya watawa. Prokopio, mwandishi wa zamani zile, asimulia kwamba watawa waliotoka pande za mashariki walimwendea Kaisari Justiniano, kama mwaka 552, wakamwambia kwamba waweza kumletea mayai ya kiwavi yule. Wakarudi walikotoka, wakayaleta. Tangu hapo Wayunani walifuma hariri yao wenyewe. Lakini hata hivyo hariri ya nchi nyingine haikuacha kutakiwa, wala makanisa hayakuacha kuipokea.

Sasa tuyatazame mavazi yaliyosalia. Mwaka 1827 jeneza la Mt. Cuthbert lilifunguliwa katika kanisa kuu la Durham, Uingereza, wakakuta ndani yake vipande vya hariri ya Wayunani, pamoja na stola na manipulo zilizotariziwa kwa hariri na uzi wa dhahabu. Miishoni pameandikwa kwa Kilatini kwamba malkia Ælfflæd ndiye aliyeamuru zifanywe, kwa ajili ya askofu Frithestan. Kazi ilifanywa kati ya miaka 909 na 916, na kiwavi wa hariri hakufugwa Uingereza wakati ule, basi kila uzi wake ulivuka bahari. Tena tazama jambo hili: malkia Mkristo ameweka jina lake na la mpewaji katika ukingo wa vazi, kama walivyofanya makhalifa katika tarizi zao.

La ajabu zaidi ni kitambaa cha Saint-Josse, ambacho sasa kimo katika jumba la Louvre mjini Paris. Si kasula, ila twakitaja kwa kuwa chajibu swali la mwenzetu kuliko vyote. Ni hariri nzito yenye picha za tembo waliokabiliana, na ukingoni msafara wa ngamia wenye nundu mbili, na jogoo pembeni. Chini ya miguu ya tembo pana mstari wa maandishi ya Kiarabu, nao wamwombea fahari na maisha marefu jemadari mmoja wa Khurasani, jina lake Abu Mansur Bukhtakin. Dua ile haikumfaa sana, maana mwaka 961 aliuawa kwa amri ya mfalme wake mwenyewe. Nguo yake ikamwishia. Yadhaniwa na wengi kwamba ililetwa Ufaransa na watu waliorudi kutoka vita vya msalaba. Na mwaka 1134, mifupa ya Mt. Josse ilipohamishwa katika kanisa lake karibu na pwani ya kaskazini, ilifungwa katika hariri hii. Watawa wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na kitani chao na sufu yao tele, nao wakachagua kitambaa kilichokuwa bora kuliko vyote walivyopata, kwa ajili ya mtu waliyemheshimu kuliko wote. Tembo hawakuwakwaza, wala herufi.

Baada ya Watatari kuziteka nchi kutoka Uchina hata Uajemi, katika karne ya 13, njia zikawa chini ya watawala wa ukoo mmoja, na hariri zikamiminika Ulaya kuliko kwanza. Katika orodha ya hazina ya Papa iliyoandikwa mwaka 1295, nguo nyingi zaitwa waziwazi "nguo za Kitatari". Papa Benedikto XI alifariki Perugia mwaka 1304, na mavazi yake yaliyohifadhiwa katika mji ule ni ya hariri ya namna hiyo. Kanisa la Mt. Maria mjini Danzig, ambao leo waitwa Gdańsk, lilikuwa na hazina kubwa ya kasula na kapa, na miongoni mwake hariri yenye kasuku na majoka, majoka ya Kichina hasa, na katika mabawa ya kasuku jina la heshima la sultani wa Misri, Nasir. Fikiri safari yake: nakshi za Uchina, sifa za sultani Mwislamu, na altare ya bahari ya Baltiki. Hazina ile ilipona kwa sababu ya kusahauliwa. Mji uliposhika mafundisho ya Luther mavazi yalifungiwa makabatini, yakakaa. Kwingineko kasula za zamani zilikatwa kuwa mito na mapazia, au zilichomwa ili watu wapate dhahabu iliyokuwa katika uzi.

Hata majina ya vitambaa yasimulia habari hizi. Damaski ni Dameski. Baldakini, kile kitambaa cha kutandazwa juu ya altare, ni Baghdadi kwa matamshi ya Waitalia wa zamani. Satini, kwa maoni ya wengi, ni Zaitun, jina walilolitumia Waarabu kwa bandari moja ya Uchina. Lakini sisi twaiita atlasi, kwa Kiarabu, yaani kitu laini. Wala pwani yetu haikuwa ya kupokea tu. Padre Francisco Monclaro, Mjesuiti aliyefuatana na jeshi la Francisco Barreto lililotoka Ureno mwaka 1569, aliandika kwamba Pate palifumwa nguo za hariri za thamani, zikapelekwa miji mingine ya pwani, na Wareno wakapata faida nyingi kwazo. Watoto wetu wasomao shuleni hujua hariri ya Uchina na hawajui hariri ya Pate. Kosa hilo ni letu walimu.

Tena kuna deni jingine lisilojulikana. Katika karne ya 19 mji wa Lyon, Ufaransa, ulikuwa mji mkuu wa hariri katika Ulaya, ukifuma mavazi ya ibada ya makanisa mengi. Humo binti wa mfanya biashara wa hariri, Pauline Jaricot, alianza kukusanya senti moja moja kila juma kwa wafanya kazi wa viwanda vya hariri, na katika mwaka 1822 likatokea Shirika la Kueneza Imani. Mapadre waliofika Unguja mwaka 1860 na Bagamoyo mwaka 1868 walipata msaada wa Shirika hilo. Basi kabla hatujavaa hariri altareni, mikono ya wanawake wasokotao hariri ilikwisha kutufikia.

Lakini si kila hariri ya Lyon na ya viwanda vingine vya wakati ule ilikuwa ya kusifiwa. Hariri mbichi ina gundi. Ikichemshwa katika sabuni hupoteza kama robo ya uzito wake, nayo yauzwa kwa uzito. Kwa hiyo watu wakazoea kuinywesha chumvi za madini, hasa za bati, ili kulipiza uzito uliopotea na kupita. Ndiyo sababu kasula ya miaka mia yaweza kupasuka penye mikunjo kama jani kavu, hali stola ya Durham yadumu tangu miaka elfu na zaidi. Mwenye kuikuta kasula ya namna hiyo katika sanduku la sakristia asiifue wala asiitundike. Ailaze gizani, pakavu, bila mikunjo.

Na mwenye kununua asitazame mng'ao. Achomoe uzi mmoja katika upindo wa ndani, aushike kwa kibano na kuutia motoni. Hariri huungua polepole, hunuka kama nywele, na majivu yake husagika vidoleni. Kitambaa cha viwandani kama kile cha mwenzetu huyeyuka na kuacha tone gumu. Tusimkataze mtu nacho, maana kanuni za karne ya 19 zilizokataza kasula za pamba na kitani zimekwisha kulegezwa, na tangu mwaka 1970 Misale ya Kirumi yaruhusu vitambaa vya nchi yoyote vinavyostahili ibada. Ila asiuziwe kwa bei ya hariri.

Mwenzetu ametuandikia tena. Wazee wamekubali. Wamenunua yadi tano za hariri nyeupe kwa mfanya biashara wa mjini, wakaujaribu uzi wake motoni mbele ya padre, na sasa imo mikononi mwa fundi wa kofia, Mwislamu wa mtaa wa pili, ambaye ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote. Fundi ametaka aonyeshwe kipimo cha msalaba, na ameuliza kama ukingo nao utariziwe, au uachwe mtupu.