KUCHANGIA ULOTO: MTOAJI NAYE AKUMBUKWE



Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa wa selimundu nchini Tanzania kila mwaka. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huu. Katika tiba hii yupo mtu wa pili asiyezungumzwa sana: yule anayetoa uloto.

Uloto ni nini?
Ni ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo mna seli shina, zinazozalisha chembe zote za damu. Uloto wa mgonjwa hutengeneza chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu. Akipandikizwa uloto wenye afya na ukapokelewa vema, mwili huanza kutengeneza damu nzuri.

Nani anafaa?
Hasa ndugu wa baba na mama mmoja. Kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa na mgonjwa. Wazazi kwa kawaida hulingana naye nusu tu. Kundi la damu silo linaloamua.

Hutolewaje?
Zipo njia mbili. Katika ya kwanza, mtoaji hupewa dawa ya usingizi, kisha uloto huvutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga. Uti wa mgongo hauguswi. Katika ya pili, hudungwa sindano kwa siku 4 au 5 ili seli shina ziingie kwenye damu. Kisha damu hupitishwa katika mashine, seli zikachujwa, na damu inayobaki humrudia. Mtoaji huweza kusikia maumivu ya nyonga au mifupa kwa siku kadhaa, lakini mwili hurudisha uloto huo baada ya wiki chache.

Uamuzi ufanywe mapema
Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake wa zamani. Mtoaji akighairi wakati huo, maisha ya mgonjwa huwa hatarini. Kwa hiyo hofu zote zisemwe na maswali yote yaulizwe kabla. Mtoaji akiwa mtoto, aelezwe kwa lugha anayoielewa, wala asitishwe kwamba akikataa atakuwa amemuua ndugu yake. Sadaka ya kulazimishwa si sadaka.

Wajibu wetu
Tiba hii ina hatari zake, na si kila mgonjwa anafaa. Hayo ni ya madaktari kueleza. Sisi tunaweza kusaidia nauli, chakula cha mzazi anayeuguza kwa wiki nyingi mbali na kwake, na uangalizi wa watoto waliobaki nyumbani. Tena, tunapomtembelea mgonjwa tusimpite yule aliyelala kitanda cha pili. Naye ametoa.