Geji ya Hewa na Petroli ni Shahidi, Si Hakimu

Injini ya petroli hula vitu viwili kwa pamoja: petroli na hewa. Wengi wetu huihesabu petroli kwa sababu huinunua, na huisahau hewa kwa sababu ni ya bure. Lakini ili kilo moja ya petroli iungue yote pasipo kubakiza kitu, huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa, yaani meta 12 za ujazo, hewa ya kutosha kujaza chumba kidogo cha kulala. Kazi ya kabureta ni kuvichanganya vitu hivyo viwili kwa kadiri ipasayo. Ikikosea, injini hudhoofika, au huungua.

Ni mahali pachache ambapo kosa hilo hulipiwa upesi kama katika mbio za dragi za Marekani. Magari mawili husimama sambamba, huondoka kwa pamoja, na kukimbia moja kwa moja kwa robo maili, yaani meta 402. Chama cha NHRA, kinachosimamia mbio hizo, kiliundwa na Wally Parks huko California mwaka 1951. Magari ya daraja la Pro Stock yalitumia kabureta hadi mwisho wa msimu wa 2015. Tangu 2016 yamelazimika kutumia mtambo wa kurusha petroli unaoongozwa kwa kompyuta. Hata hivyo, katika madaraja mengine kabureta ingali inatumika, na fundi wake hana budi kujua kinachotendeka ndani ya silinda katika sekunde hizo chache.

KIPIMO HIKI HUPIMA NINI?

Hapo zamani fundi alizima injini mwishoni mwa mbio, akafungua plagi na kuzitazama rangi. Nyeusi yenye masizi ilimwambia kwamba petroli imezidi. Nyeupe iliyokauka ilimwonya kwamba petroli imepungua na moto umekuwa mkali mno. Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutoa kitambuzi cha oksijeni kinachofungwa katika bomba la moshi, na magari ya Volvo ya Uswidi yakawa ya kwanza kukitumia. Kitambuzi hicho cha awali kilijua vema kadiri ya 14.7 peke yake. Baadaye vilikuja vitambuzi vyenye upeo mpana, viwezavyo kusoma toka 10 hadi 20. Hivi ndivyo vimfaavyo fundi wa mbio, kwa maana injini inayokanyagwa mafuta hadi mwisho hutoa nguvu nyingi zaidi ikipata kati ya 12.5 na 13 za hewa kwa moja ya petroli.

Tarakimu ikipanda sana kupita hapo, petroli ni haba, joto huzidi, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni yaweza kuyeyuka na kutoboka kabla gari halijamaliza mbio. Ikishuka chini ya 11.5, petroli ni nyingi mno: nguvu hupungua, plagi huziba kwa masizi, na petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda.

KUISOMA KWA WAKATI WAKE

Dereva hana nafasi ya kuitazama geji wakati wa mbio. Macho yake ni ya njia. Kwa hiyo masomo yote huwekwa katika chombo cha kumbukumbu, pamoja na mizunguko ya injini, kisha husomwa baadaye kwa utulivu.

Jambo la kuangaliwa si tarakimu tu, bali imetokea wapi. Ikiwa tarakimu huruka juu mara tu gari linapoondoka na injini ikasita, lawama ni ya pampu ndogo ya kabureta, ile inayomimina petroli mguu unapokanyaga ghafla. Ikiwa tarakimu ni ya juu kwa safari nzima, jeti ni ndogo, na fundi huweka zenye tundu kubwa kidogo. Lakini ikiwa huanza vizuri kisha hupanda kadiri gari linavyokaribia mwisho, kubadili jeti hakutafaa kitu. Hapo bakuli la kabureta linakauka, na dawa yake ni pampu ya petroli, chujio au mabomba yake.

SHAHIDI ANAPODANGANYA

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Geji haioni petroli hata tone moja. Huona oksijeni iliyobaki katika moshi, kisha hukisia. Injini inapokohoa, au kama mafundi wasemavyo, inapomisi, hewa isiyotumika hupita hadi kwenye bomba la moshi, na geji husema kwamba petroli ni haba. Huenda injini imemisi kwa sababu petroli imezidi! Fundi mwenye pupa huongeza petroli nyingine, na ugonjwa huzidi. Tundu dogo katika bomba, mbele ya kitambuzi, huingiza hewa na kuleta uongo uleule.

Aidha, kitambuzi kilichofungwa mahali mabomba ya silinda nne yanapokutana husema wastani wa zote nne. Silinda moja yaweza kuwa inaungua huku wenzake wamelewa petroli, na wastani ukaonekana mzuri. Ndiyo maana plagi hazijastaafu: kila moja husema habari za silinda yake. Petroli ya mbio yenye risasi nayo huharibu kitambuzi, na kitambuzi kilichochoka hakisemi kweli.

Hakimu wa mwisho ni karatasi ya muda na mwendo itolewayo mwishoni mwa njia. Gari likienda kasi zaidi kwa 12.6 kuliko kwa 13, basi 12.6 ndiyo haki yake. Fundi mwangalifu hubadili jambo moja tu kila mara, na huandika pia hali ya hewa. Uwanja wa Bandimere karibu na Denver, uliofungwa mwaka 2023, ulikuwa kama meta 1,770 juu ya usawa wa bahari. Kabureta iliyorekebishwa pwani ilizidisha petroli huko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Hali ni hiyohiyo kwa gari la kabureta linalotoka Mombasa kupanda Kigali.

Mwisho, neno kwa walioko nyumbani. Injini yenye petroli nyingi hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usiruhusu injini irekebishwe ndani ya banda lililofungwa, wala watoto wasicheze karibu na bomba la moshi. Na mbio ni za uwanja wake. Barabara ni ya watu wote.

Ndugu fundi, uwe wa jeshi, wa polisi au wa mtaani, ukipata kipimo kipya kipokee kwa furaha, lakini usiwafukuze mashahidi wa zamani. Sikiliza injini, tazama plagi, soma saa, ndipo ushike bisibisi.