Rudisha Funguo, Kisha Jaribu Mlango

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo kwenye mikono ya pampu za maji huko Kyuso, kaunti ya Kitui. Kifaa kilihisi mkono wa pampu ukipanda na kushuka, kisha kikatuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu. Pampu iliponyamaza, fundi alijua bila kungoja mtu afunge safari kumwita.

Chukulia sasa kwamba kamati ya maji huko Wote au Kibwezi inataka kujiundia mfumo wa aina hiyo. Itanunua kompyuta ndogo inayotumia Linux, itachomeka modemu ya simu, na kijana wa hapo hapo ataandika programu ya Python ya kupokea jumbe na kuonyesha hali ya pampu kwenye ukurasa wa wavuti. Jaribio la kwanza litagoma. Kwa kawaida Linux haimruhusu mtumiaji wa kawaida kufungua poti iliyo chini ya 1024, na ukurasa wa wavuti hukaa poti ya 80. Kijana ataongeza sudo mbele ya amri, mambo yatakubali, na sudo itabaki hapo miaka yote.

Hatari imeanzia hapo. Programu hiyo sasa inaendeshwa na root, mkuu asiyezuiwa na chochote, na kazi yake ya kutwa ni kusoma jumbe kutoka kwa yeyote mwenye namba ya simu ya mradi. Kosa dogo katika msimbo wa kusoma jumbe litampa mgeni kompyuta nzima, pamoja na namba za simu za wateja ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka kamati izilinde.

Dawa yake inajulikana: programu ianze kama root, ifungue poti, halafu ijivue mamlaka kabla ya kupokea ujumbe wa kwanza. Poti iliyokwisha kufunguliwa haifungiki kwa sababu mwenyewe amebadilika. Ugumu uko kwenye kujivua kwenyewe.

Mfikirie mhudumu wa kioski cha maji anayemaliza zamu. Ana ufunguo mkuu wa ofisi, na ana funguo ndogo za stoo, tangi na sanduku la fedha, ambazo hutundikwa ndani ya ofisi. Akitangulia kurudisha ufunguo mkuu, hataweza tena kuingia ofisini kuzitundika zile ndogo. Ataondoka nazo mfukoni. Linux iko hivyo hivyo. Ufunguo mkuu ni kitambulisho cha mtumiaji, na funguo ndogo ni makundi ambayo programu imo. Anayeweza kubadili makundi ni root, kwa hiyo makundi hutangulia na mtumiaji hufuata mwisho:

mtu = pwd.getpwnam("maji")
os.initgroups("maji", mtu.pw_gid)
os.setresgid(mtu.pw_gid, mtu.pw_gid, mtu.pw_gid)
os.setresuid(mtu.pw_uid, mtu.pw_uid, mtu.pw_uid)

Mstari wa pili unafuta makundi ya root na kuweka yale ya mtumiaji "maji" peke yake. Namba inarudiwa mara tatu kwa sababu kila programu hubeba vitambulisho vitatu vikuu: cha asili, kinachotumika sasa, na kilichohifadhiwa. Anayetumia os.seteuid hubadili kile kinachotumika tu, na cha root kinabaki kimehifadhiwa. Huyo ameficha ufunguo chini ya mkeka, na mgeni akishaingia ataufunua mkeka.

Je, mistari hiyo inatosha? Mwaka 2000 iligunduliwa kwamba kerneli ya Linux 2.2.15 ingeweza kuhadaiwa hivi kwamba setuid inajibu kuwa imefaulu, kumbe kitambulisho kilichohifadhiwa bado ni cha root. Programu ya barua pepe ya sendmail ilinaswa na mtego huo, na watengenezaji wake wakaongeza jaribio: baada ya kujivua, iombe kuwa root tena, na ikikubaliwa ijizime. Python nayo haikuepuka. Katika toleo 3.12.0 la mwaka 2023, aliyeanzisha programu nyingine kupitia subprocess na kuandika extra_groups=[] alidhani amefuta makundi yote, ilhali hayakufutwa. Kosa hilo, lililosajiliwa kama CVE-2023-6507, lilirekebishwa katika 3.12.1.

Kwa hiyo, ongeza jaribio lako:

try:
    os.setuid(0)
except PermissionError:
    pass
else:
    raise SystemExit("Bado ni root")

Hapa kukataliwa ndiko kufaulu. Na ile mistari minne ya mwanzo usiizungushie try inayomeza makosa. Python ikilalamika hapo, acha programu ife.

Lililo bora zaidi ni kutouchukua ufunguo mkuu tangu mwanzo. Kwenye faili la huduma la systemd, andika User=maji pamoja na AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE, na programu itapata ruhusa ya poti ndogo bila kuwa root hata dakika moja. Modemu pia haihitaji root: katika Debian na jamaa zake, inatosha kumwingiza mtumiaji katika kundi la dialout.

Njia yoyote utakayofuata, programu ikiwa inafanya kazi, tafuta namba yake ya mchakato (PID) na usome faili la status lililo ndani ya saraka yake chini ya /proc. Mstari wa Uid una namba nne, wa Gid nne, na wa Groups unaorodhesha makundi. Ukiona hata namba moja ambayo ni sifuri peke yake katika mistari hiyo, kuna ufunguo ambao haujarudi.