ADUI ALIYE MAVUMBINI

Mwezi wa Disemba 2023, madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walimtia mgonjwa figo aliyopewa na mtu mwingine. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kazi hiyo kufanywa katika Uganda. Twafurahi; lakini yafaa tujue pia taabu imfuatayo mgonjwa kama huyo baada ya kidonda kupona.

Mkoa wetu wa West Nile umetoa askari wengi, kwa hiyo mfano huu hautatushinda. Damu ya kila mtu ina askari wake, nao hushambulia kila kitu kigeni. Figo ya mtu mwingine ni kitu kigeni. Huko Boston, Marekani, mwaka 1954, figo ilikubaliwa kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana, hata askari hawakuona tofauti. Wengine hawana budi kumeza kila siku dawa za kuwalegeza askari hao, maadamu figo ile inafanya kazi.

Hapo ndipo maadui wadogo hupata nafasi. Mmoja wao ni nokadia, kijidudu kilichopewa jina la Edmond Nocard, daktari wa wanyama Mfaransa, aliyekieleza mwaka 1888. Hukaa udongoni na katika majani yaliyooza. Sisi twaweza kukivuta pamoja na vumbi tulimapo, tusidhurike. Lakini kwa mtu ambaye askari wake wamelegezwa, huingia mapafuni, na pengine hufika hata ubongoni.

Ugonjwa huu ni wa nadra, tena hudanganya. Mgonjwa hukohoa, hupata homa, hukonda, na watu husema ni kifua kikuu. Basi makohozi yapimwe vizuri, na wapimaji waambiwe habari ya figo. Maana kijidudu hiki hukua polepole, na mwenye haraka hatakiona. Dawa yake kubwa ni Septrin, ile ile tuijuayo katika zahanati zetu, lakini hutumiwa kwa miezi mingi, kwa amri ya daktari, na pengine pamoja na dawa nyingine.

Ndugu zangu, akirudi kijijini mtu mwenye figo ya kupewa, tusimwogope: nokadia haienezwi kwa kikohozi chake. Tumsaidie kulima na kufagia, asivute vumbi. Na akianza kukohoa, asiache dawa zake kwa shauri la jirani, wala asingoje. Aende hospitali upesi.